Pembe ya Tano

Kihamba cha Uru nilikizunguka na simu mkononi,
sale kwa sale, migomba ikinilowesha mabega,
Shangazi Ndeanka mbele, akigonga kila pembe kwa jembe.

Usiku, Moshi mjini, chumbani juu ya duka la spea,
nikaziandika nukta. Programu ikajibu:
shamba la marehemu baba liko Hispania.
Latitudo nimeiweka pa longitudo.
Kosa la mwanafunzi, na mimi nalipwa kwa kazi hii!

Nikageuza. Tukarudi chini ya mlima.
Ila eneo: sifuri nukta sifuri sifuri sifuri,
maana nimepima kwa digrii, kana kwamba dunia ni meza.
Nikaieleza kuwa dunia imevimba kiunoni,
kwamba ulionyooka juu yake ni upinde.
Ikatulia. Mita za mraba elfu tatu mia mbili na kumi.

Shangazi akacheka kwenye simu:
“Na mteremko umeupima? Mimi silimi ramani.”

Kisha lile onyo jekundu: umbo halijafungwa.
Nukta ya mwisho sharti iwe ile ya kwanza,
la sivyo hakuna ndani, hakuna nje.
Naijua pembe yenyewe. Kando ya mfereji
sale limeng’olewa, udongo bado mbichi,
na pazia la Baba Mdogo lilitikisika.

Jumamosi napanda Uru.
Kwenye mkoba wa kompyuta, sale moja.
La kupanda, au la kumpa mkononi tupatane,
sijaamua.