Gidudu Hafiki, Gidudu Huwasili

Mimi ni fundi wa pancha, njia panda ya Sironko,
mwenye beseni la maji, solusheni na kipande cha msasa.
Haya yote niliyasikia nikiwa nimeinama.

Gidudu hafiki mahali. Gidudu huwasili.
Kwanza kengele, kona mbili kabla hajaonekana,
kisha mikungu sita ya matoke,
kisha kofia,
kisha, nyuma kabisa, ikihema, kweli yenyewe.

"Budadiri mpaka hapa," asema, mguu mmoja chini,
"dakika kumi na moja. Breki sikugusa."

"Utazigusaje," ajibu Wamboya, chapati mdomoni,
"na raba zake ziliisha tangu Krismasi?"

Benchi zima laanguka kwa kicheko,
na mimi, niliyeziona raba hizo kwa macho yangu,
nauma midomo: siri ya mteja ni siri.

Lakini Gidudu hashikiki.
"Lori la saruji nimelipita! Dereva katoa kichwa,
kaniuliza, mzee, wewe wanywa petroli gani?"

"Lile lililoegeshwa?" auliza Mugide.
"Dereva alikuwa chini yake, anakaza nati."

"Nimelipita, sijalipita?"

"Umelipita. Hata kuku wa Mama Nandudu alilipita,
tena alikuwa na vifaranga."

Ndivyo tulivyoishi.
Tulimpa cheo: Waziri wa Mteremko,
maana kupanda hakuwahi kukutaja.
Nani hukutaja? Kupanda hakuna hadithi.
Kupanda ni saa kumi ya usiku, baiskeli tupu,
matope mekundu yaking'ang'ania tairi kama deni,
na wanaume ishirini wanasukuma, kimya,
kila mmoja anamsikia mwenzake akipumua
na hakuna anayesema, nimechoka.
Sifa huanza pale mlima unapoisha.

Sasa ile Jumanne, wiki ya kufungua shule,
hatukusikia kengele.
Alitokea kwa miguu, upande wa kushoto wa barabara,
suruali amejifunga kwa ukanda wa tyubu kifundoni
isije ikaliwa na mnyororo.
Mnyororo gani?

Tuliuona ule ukanda. Hakuna aliyeuliza.
Jumapili Mugide alikuwa ameiona baiskeli Nakaloke,
kiti kimeshushwa kumfaa mtu mfupi,
na sote tulijua kwamba Khainza, bintiye,
ameingia sekondari Mbale
na godoro jipya, na sanduku la bati
lenye jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa.

Gidudu akakaa mwisho wa benchi.
Hakusema dakika ngapi.
Chai ikapoa. Mtu akakohoa ili kuwe na sauti.
Mimi nikaishika tyubu ndani ya maji
nikawa natazama mapovu yakitoka, moja, moja,
kana kwamba sijui tundu liko wapi.
Nilitamani aongope. Chochote. Hata lile lori.

Wamboya akameza tonge lake.
Nilimwona akilimeza, likashuka polepole.

"Gidudu," akasema, "leo umezidi.
Mwendo gani huu, ndugu yangu,
mpaka baiskeli yenyewe umeiacha nyuma?"

Lo. Hata nzi alitua.
Gidudu akainama, akautazama ule ukanda mguuni,
akaukaza kidogo.
Kisha akainua kidevu, kile kidevu chake cha uwaziri.

"Ipo kona ya pili," akasema. "Inajitahidi, maskini.
Nyamazeni, mtaisikia kengele."

Nasi, watu wazima, wenye wake na madeni,
tukanyamaza,
tukageuza vichwa kuelekea mlimani,
tukatega masikio.