Visu Vinne, Mji wa Kumi

Kisu changu si cha jikoni. Ni cha kukunja, cha mfukoni,
cha kubebesha michungwa juu ya shina la mlimau.
Mji wetu unaitwa Kumi, nami nimefikisha vinne.
Ikwaput hunitania: bado sita, Asekenye, mji utimie.

Cha kwanza kilikuwa na mpini wa plastiki, mwekundu,
chepesi hata nikakisahau ndani ya sketi,
kikafuliwa, kikaanikwa, kikarudi kazini kikinuka sabuni.
Lakini Januari ya Teso haina haya:
nilikiacha juani, juu ya ndoo ya udongo,
nikakikuta kimejipinda kama mtu asiyetaka kuulizwa.
Skrubu zilikuwa zimeshika hewa.

Cha pili, aluminiamu. Muuzaji mnadani
alikigonga mezani, kikalia ngaa.
"Hiki utamrithisha mjukuu."
Kweli, mpini haukufa. Alfajiri ulikuwa baridi,
adhuhuri uliunguza, na mikono ikilowa
uliteleza kama kambare wa Ziwa Bisina.
Tena ulikuwa bubu. Haukuniambia
makali yamefika wapi ndani ya gome.
Kubebesha ni kazi ya kusikia:
ganda likiachia, mpini mzuri hutetema kidogo,
kama koo la mtu anayezuia kikohozi kanisani.

Cha tatu ndicho nilichokipenda, ndicho kilichonikata.
Pembe ya ng'ombe, nyeusi yenye wingu jeupe,
imesuguliwa hadi nikaiona pua yangu.
Wenzangu wa kitaluni walikipokezana kama mtoto mchanga.
Nani angetazama bawaba?
Nani humwuliza bwana harusi habari za magoti yake?
Ribiti ilikuwa kipande cha msumari,
springi laini kama ahadi ya mgombea,
ulimi ukicheza kushoto, kulia.
Mwezi wa nne, mche wa mia mbili na kitu,
nilisukuma, ulimi ukarudi nyumbani,
na kidole changu kilikuwa mlangoni.

Mishono mitano, hospitali ya Atutur.
Aliyenishona alikigeuza kisu kwenye taa:
"Pembe nzuri," akasema. Naye pia!

Wanasema aliyeshika mpini hana hofu.
Waliosema hivyo walikuwa na visu visivyokunjwa.

Cha nne hakikutoka mnadani.
Okiror, fundi baiskeli, aliung'oa ulimi wa kile chekundu
(chuma chake kilikuwa bora kuliko vyote, nani alijua?)
akachonga pini ya shaba kutoka kofuli bovu,
akaweka washa mbili nyembamba kama kucha.
Mpini ni mvule, mguu wa kitanda alichofia mama.
Okiror hakuusema mpini hata neno moja.
Alikunja, akakunjua, akakunja,
amefumba macho, sikio karibu na pini,
akikaza, akilegeza robo, akikaza tena,
mteja wa pancha amesimama na gurudumu lake begani.
"Mpini chagua mwenyewe," alisema mwishowe,
"mkono ni wako. Kiungo ndicho changu."

Nikawaza michungwa yangu.
Mnunuzi wa mche huuliza tunda, huuliza urefu;
sijaona aliyeinama kupapasa pale
mlimau unapokutana na mchungwa.

Mvule umeanza kuweka weusi penye kidole gumba.
Una ufa. Naupaka mafuta ya shea kila Jumapili,
na mvua zikija huvimba kidogo, hununa, halafu husamehe.
Si kizuri. Hakuna aliyewahi kukipokezana.
Lakini nikikifungua hulia tak, mara moja,
na ulimi hausogei.

Jana nimefunga utepe juu ya macho mia na ishirini.
Baada ya wiki tatu nitafungua, nitaona yaliyoshika.

Ikwaput ananyoosha mkono, ana chungwa:
"Niazime kisu chako."
Nampa kile cha pembe,
na namwambia asisukume.