Kitako Kipya

Ilikuja imefungwa kwa kanga
bunduki ya kuwindia kanga.
Nilicheka. Bi Wakesho hakucheka.
Aliweka cheti mezani kwanza, kisha mtutu,
kisha kitako, kimevunjika shingoni;
marehemu babake alikiganga kwa waya wa shaba
kama mtu anayefunga mguu wa mbuzi.

Sisi wa Kariokor tumezoea kuchonga twiga
wa kupanda ndege kwenda Ulaya.
Bunduki haitaki urembo. Inataka kipimo.
Nilimpima kama fundi cherehani,
toka mkunjo wa kiwiko hadi pingili ya kidole cha shahada.
Inchi mbili pungufu ya babake.
"Basi ndiyo maana," akasema,
"kila mara ilinipiga kofi."

Cha kwanza nilikichonga kwa mzeituni mwitu,
mti mzuri, una mistari kama moshi wa ubani.
Nikaunganisha, nikainua: tako likashuka,
mdomo ukatazama mabati.
Chombo chepesi hakibebeshwi mti mzito.
Nililala na hasara yangu.
Kesho yake, mvule, ubao wa meza
niliyoikuta Gikomba haina miguu.

Masizi ya koroboi juu ya chuma,
bonyeza, toa, tazama palipochafuka,
kwangua hapo tu, unene wa karatasi.
Bonyeza tena.
Jirani yangu Nzioka akauliza
kama namsugua mtoto meno.

Nilipong'oa bamba la kitako cha zamani
tundu la skrubu lilikuwa limezibwa:
nyigu alijenga humo, udongo mwekundu,
si huu mweusi wa kwetu unaomeza viatu.
"Wa Voi," akasema,
akaufunga kwenye pindo la leso.

Siku ya kuchukua nikamwambia: fumba macho,
ipandishe begani, fumbua.
Akafumbua. Chembe ya shaba kwenye ncha ya mtutu
ilikuwa imekaa pale pale jicho lilipo.
Mafuta ya kitani yalimnata vidoleni.
Hakulenga kitu. Njiwa watatu wa uani
hata hawakuacha kudonoa.

Kisha akaanza kupatana bei upya.
Nikamwachia mia tano.

Kile cha zamani hakukichukua
wala mimi sijakitia jikoni.
Upande mmoja umeng'aa,
pale shavu la mtu lilipokuwa likilala
alfajiri, likingoja ndege waruke.