Huenda

Al-Khuwair, ghorofa ya nne, saa nane mchana.
Nje joto limefika arubaini na sita,
ndani kiyoyozi kinavuma hadi vidole vinakufa ganzi.
Naandika sura ya tano: Mwelekeo wa Sekta
ya Teknolojia na Mawasiliano, miaka mitano ijayo.

Mshale kwenye chati unapanda.
Nimeupaka kijani, kama nilivyoagizwa.
Unapanda kama mbuzi wa Jabal Akhdhar,
haugeuki kuuliza nani kabaki bondeni.

Kebo za baharini zimetua Barka, chini ya mchanga
ambapo wajukuu wa Bi Zuweina hupiga mpira.
Maneno ya mabara mawili yanapita chini ya goli lao,
na simu zao hazina bando.

"Ajira mpya: elfu tatu." Nimeandika.
Kisha nikamkumbuka mdogo wangu Azzan:
stashahada ya mitandao ukutani, imeanza kupauka,
maombi sitini na moja, majibu mawili,
yote mawili yakimshukuru.
Sasa anapeleka mishikaki kwa pikipiki
akiongozwa na ramani ya simu.
Hii nayo ni sekta, kaniambia. Nami nimo, nihesabu.

Na Rofikul, mtu wa Sylhet,
anayechimba mfereji wa nyuzi kule Amerat usiku
kwa kuwa jua la mchana lina sheria yake,
nimemtafuta katika majedwali yote.
Nimemkuta ndani ya "gharama nyinginezo".

Rasimu ilirudi kutoka juu na wino mwekundu:
Punguza shaka. Wawekezaji watasoma.
Wamelizungushia duara neno moja, *rubbama*,
mara kumi na nne.

Jana usiku nilimsomea mama, kwa Kiswahili
alichokuja nacho akakataa kukiacha mlangoni.
"Sekta huenda ikakua. Huenda ikaajiri vijana."
Hakuinua macho, alikuwa anachambua mchele.
"Huenda, huenda," akasema.
"Mwendaji huyu hufika lini?"

Leo nimefuta kumi na tatu.
Moja nimeliacha, ukurasa wa mwisho,
limeegemea neno ajira
kama changarawe ndani ya wali.

Simu inalia. Ni Azzan, yuko chini,
lifti imekwama,
na mishikaki ya mkurugenzi wangu inapoa.