Matembele Hayana Mbegu

Sisi wa Kigogo, nyumba ya bati jekundu,
vyumba sita, choo kimoja uani,
tulikuwa tunajua.
Niandike hivyo kwanza, nisijisafishe.
Mkanda ulipoanza kulia chumba cha nne
mimi niliongeza sauti ya redio,
Mama Nakshi alitwanga kisamvu kilichokwisha kulainika,
na mwenye nyumba akasema, mwana ni wake,
mambo ya ndani hayasemewi barazani.

Mtoto mwenyewe hakusikika.
Sikudhani, miaka minane,
kilio chake akikimeza kama kidonge cha malaria,
bila maji.

Ni Kalunde, mpangaji mgeni wa chumba cha sita,
hajamaliza hata mwezi,
hajui adabu yetu ya kunyamaza,
aliyeugonga ule mlango usiku kwa mwiko wa ugali
mpaka kitasa kikalegea.
Akamtoa mtoto mgongoni,
akatembea naye hadi kituoni, dawati la jinsia,
kandambili mguu mmoja tu.

Baada ya hapo sote tukawa mashujaa.
Tulitoa ushahidi, ndiyo, tumevaa khanga safi.
Baba mtu akaenda alikokwenda.
Afisa ustawi akaandika, akapiga muhuri,
Sikudhani akabaki na Kalunde.

Kalunde ana matuta bondeni, Msimbazi.
Mto wenyewe si wa kusifia:
unabeba chupa, nepi, povu la rangi usiyoijua.
Lakini kwenye matete minana wanasuka, wanagombana,
wanabomoa, wanasuka tena,
na mtoto akawa anakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa
akiwatazama kutwa, mgongo kauegemeza kwenye ukuta wa pampu.
Mwanamume akikohoa njiani,
mabega yake yanapanda hadi masikioni.

Hemedi, kijana wa kumwagilia,
akaanza kupiga mluzi tangu mbali
ili asimtokee ghafla.
Siku moja nikaona suruali yake kaifunga kwa kamba ya katani.
Mkanda wako uko wapi? nikamuuliza.
Akatazama keni zake mbili, hakunijibu.

Kalunde hakuhubiri.
Alimpa rando la matembele na kisu kibutu.
Kata hapa, chini ya kifundo. Fukia. Usichungulie.
Akachungulia.
Asubuhi ya pili akafukua, ya tatu akafukua,
ya nne akaja mbio, mkono umejaa tope,
na kwenye kifundo kuna mzizi,
mweupe, mwembamba, uzi wa cherehani.
“Lakini hili lilikatwa,” akasema.
“Lilikatwa.”
“Halafu?”
Kalunde akaendelea kupalilia.
Mtoto akalirudisha udongoni, akalisindilia kwa viganja,
akaomba tuta lake mwenyewe.

Mimi nikaanza kushuka bondeni Jumamosi.
Nasema nafuata mboga.

Masika yalipokaribia, siafu walihama,
mstari mweusi ukakatiza tuta lake.
Hakuuona.
Na yule mtoto ambaye hatukuwahi kumsikia
akafungua kinywa:
“Nakufaaa! Jamani! Nakufa mie!”
Minana wote wakaruka kwa mpigo.
Hemedi akatupa keni, maji yakamwagika chini,
Mama Nakshi, kiuno chake kibovu, akaruka mtaro,
wauza mchicha, mwosha karoti, hata fundi pampu,
watu kumi na moja kwa siafu watatu,
mmoja kwenye kisigino, wawili nyuma ya goti.

Tuliwatoa. Hakunyamaza.
Alilia ya siafu yakaisha,
akaendelea na ya zamani,
kwa sauti, kamasi zikimtoka,
na hakuna aliyemwambia basi.

Mimi nilifika wa kwanza.
Redio nilikuwa nimeiacha tutani,
inasoma habari, haina wa kuisikiliza.