Soksi

Flevoland ya Mashariki, 1961

Shamba letu lilikuwa bahari mpaka nilipofika miaka mitatu.
Waliifyonza kwa pampu, wakatugawia matope,
na mwaka wa nne plau ya baba ikagonga kitu
kisichokuwa jiwe. Kwetu hakuna mawe.

Bawa. Kisha injini, imejaa kome.
Kisha buti, na ndani ya buti soksi ya sufu,
na baba akasema, Wietske, kamwite mama yako,
nawe ubaki ndani.

Sikubaki.

Hakuuliza ni ya adui au ya rafiki.
Aliigeuza ndani nje. Kisiginoni ilikuwa imetililiwa
kwa uzi wa rangi nyingine.
"Aliyetililia alikuwa na haraka," alisema.
"Taa ilififia, au gari lilikuwa likingoja mlangoni."

Wakaja wanajeshi na daftari:
bunduki mbili, kiti cha rubani,
watu saba, waliopatikana watano.
Soksi, waliandika, moja.
Uzi hawakuuandika.

Usiku ule mama alizitoa soksi zote za baba kabatini,
hata zisizotoboka,
akaisogeza taa,
akatililia
polepole.