Mizani

Nilishuka Tanga mwezi wa tatu
na sweta mbili za Makete ambazo hadi leo
zimelala sandukuni kama paka wagonjwa.
Ofisi ikanipa pikipiki, ramani ya vijiji
na kisanduku cha mawe ya shaba:
kilo, nusu, robo, gramu hamsini,
kila jiwe na shimo lake kwenye kitambaa cha buluu.
Kazi yangu ni kuuliza kila mzani:
wewe ni mkweli?

Wiki ya kwanza niliogopa chumvi.
Ilikula kufuli, ikala bawaba,
ikaanza kuilamba shaba yangu.
Jirani yangu wa Barabara ya Kumi na Tano, Mama Zumo,
alicheka: "Hapa hata siri hushika kutu.
Paka mafuta ya nazi, ulale."

Nikaanza na Tongoni. Mwenye duka
alibandika sarafu ya mia chini ya sahani ya mzani.
Nikaibandua. "Ah," akasema, "hiyo ni ya bahati."
Nikamwandikia bahati yake kwenye fomu.
Kigombe, dagaa walipimwa kwa kopo la rangi.
Mwarongo, kwa fungu; na ukubwa wa fungu, nikaelezwa,
hutegemea muuzaji kaamkaje.
Sheria yangu haina ukurasa wa fungu.

Siku ya bamvua nikaenda kitongoji cha ng'ambo.
Ramani ilionyesha njia.
Mbele yangu palikuwa na maji.
Kijana aliyekuwa akiziba pancha akanitazama:
"Njia ipo, dada. Haijafika tu.
Itakuja saa nne."

Kwetu barabara huondoka na mvua,
hurudi na ahadi za uchaguzi.
Sikuwahi kusikia barabara yenye ratiba.
Nikakalia kisanduku changu, nikaisubiri
kama mtu asubiriye basi la Njombe.
Na kweli ikaja: kwanza mgongo wa mchanga,
kisha mikoko ikatoa vifundo vya miguu,
kisha kaa wadogo, maelfu,
wakikimbia kana kwamba wamesikia mkaguzi anakuja.

Ng'ambo, wanawake walikuwa na mwani wa juma zima
juu ya vichanja, na mnunuzi
na mzani wake wa ndoano.
Nikatundika kilo yangu.
Mshale ukasema gramu mia nane.
Nikatundika tena.
Mia nane.

Nyamvula, mwenye gunia lililofuata, hakushangaa.
Alijipangusa chumvi viwikoni, akasema
bila kuniangalia:

*Ukiubeba ni mwingi, ukikauka ni nyoya,*
*maumivu yetu mengi, kilo yake yatupwaya.*

"Hilo lina miaka miwili," akaniambia.
"Sisi mizani twaisikia kwa sikio.
Nane kwa nane; ukiiba moja, mstari unachechemea.
Kilo yake ikichechemea tangu zamani.
Ila nani atapeleka shairi polisi?"

Nikaufunga mzani kwa waya na risasi.
Mnunuzi akapanda kidau chake, kimya.
Nikadhani watapiga vigelegele.
Mwanatumu, wa nyuma kabisa, mtoto mgongoni,
akauliza tu: "Na kesho atanunua nani?"

Nilifungua kisanduku.
Nilitazama kilo, nusu, robo.
Hakuna jiwe la swali hilo.

"Nenda, Sanga wa Tanga," akasema Nyamvula,
akicheka kidogo kwa kina kilichojipa,
"njia yaondoka saa saba, nayo haingoji serikali."
Akanifungia kome kwenye jani la mgomba.
Kiasi gani? nikauliza.
"Fungu."
Nikalipa. Sikupima.

Nilivuka maji yakiwa vifundoni, kisha magotini,
kisanduku kichwani, mzani wa mwizi begani,
na miguu yangu ya milimani, bila kuambiwa,
ikihesabu: nane,
na nane, na